Waya Kati ya Ukumbi na Zahanati

Muuguzi wa zahanati ya kambini alinipigia simu Jumatano asubuhi, nikiwa sokoni Mbuyuni, hapa Moshi, nachagua ndizi za mtori. Hakunisalimia, na yeye ni mtu wa salamu ndefu, kwa hiyo nilijua kabla hajafika popote. "Mwandishi," aliniambia, "injinia wetu ametutoka. Alfajiri hii, hospitalini. Mama yake alikuwa naye." Nilimuuliza kama aliteseka. Akasema yeye ni muuguzi na hawezi kunidanganya kuhusu saratani ya koo. Mama muuza ndizi alinitazama usoni, akafunga chane nililokuwa nimelishika, akanikabidhi. Nilikwenda nalo nyumbani, likaiva lote pale jikoni bila mtu kuligusa.

Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii huenda wakakumbuka kwamba nimewahi kumwandika humu, siku zote bila jina. Leo pia sitalitaja. Mwenyewe ndiye aliyetaka hivyo. Alikuwa akisema kwamba mtu akishatajwa gazetini, watu huacha kubishana na kazi yake wakaanza kubishana na ukoo wake. Wala sitadai kwamba tulikuwa marafiki. Tulifahamiana kwa sababu ya kazi, yake na yangu, na tukawa tunatafutana kila mmoja alipohitaji kusikia mtu akimwambia ukweli. Watu wa namna hiyo ni wachache maishani, na wakiondoka unagundua kwamba hukuwa na mwingine.

Alizaliwa Machame, katika kihamba cha kawaida cha huko: migomba juu, kahawa chini yake, na ng'ombe wa maziwa waliofungwa bandani ambao hukatiwa majani kutwa nzima. Baba yake alifariki mapema. Mama yake alimsomesha kwa maziwa ya ng'ombe hao, akawa mhandisi, akafanya kazi Dar es Salaam miaka kadhaa akipanga umeme wa hoteli na maghorofa. Aliporudi, watu walidhani amefukuzwa kazi. Kumbe kifua cha mama yake kilikuwa kimechoka, na daktari alikuwa amemweleza waziwazi kwamba kimechoka kwa moshi wa jikoni. Tangu siku hiyo, nadhani, hakuweza tena kusikia neno nishati bila kufikiria mafiga.

Kambi ninayoizungumzia iko chini, ukishapita Shirimatunda na kuanza kuteremka kwenye joto la tambarare. Zamani ilikuwa makazi ya vibarua wa shamba la mkonge. Wazee wao walitoka Singida, Kigoma na Iringa, wakaletwa kwa malori, wakapewa vyumba vya safu vyenye mabati mekundu na jiko moja la pamoja kwa kila safu. Shamba likafa. Mabati yakaoza. Watu wakabaki, kwa sababu wajukuu hawakuwa na mahali pengine walipopaita nyumbani. Hatimaye uamuzi ukatoka kwamba kambi ijengwe upya: nyumba zenye vyumba vya kutosha, zahanati, shule ya awali, ukumbi wa mikutano. Wafadhili wakapatikana, kamati ikaundwa, na dada huyu, injinia wetu, akaletwa kupanga umeme na nishati ya kupikia. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya hapo, Mchagga wa Kibosho aliyehamia kambini akiwa kijana, akaoa huko na kuzeeka huko.

Nilikuwapo katika kikao chao cha kwanza, nimekaa nyuma na kalamu yangu. Injinia aliwaamkia wazee, akawauliza swali moja: wakipata nishati, wanaitaka kwa ajili ya nini? Wanaume wakajibu kwa zamu. Taa. Televisheni. Mashine ya kusaga. Mwenyekiti akasema lango kubwa lenye taa, ili mtu anayepita barabarani ajue kwamba pale wanaishi watu. Injinia alisikiliza yote. Kisha akamgeukia mama mmoja kijana aliyekuwa akipitisha chai, binti wa familia ya Kinyaturu iliyotoka Singida, ambaye hakuwa mjumbe wa chochote.

"Na wewe, mama? Ungetaka nini?"

"Mimi?" Yule mama aliangalia birika kana kwamba swali limeulizwa kwa birika. "Mimi nataka kupika bila kulia."

Watu wakacheka. Injinia hakucheka. Alimwuliza jikoni kwake kuna nini, akajibiwa kwamba kuna makande ya watoto, tangu asubuhi. "Basi naomba kikao tukimalizie huko," akasema. Walidhani anatania, lakini alikuwa ameshasimama. Tukaenda, kamati nzima, tukabanana katika lile jiko la safu lililokuwa na tundu moja la moshi, kuni za mwarobaini zikifuka, na yeye akaendelea na ajenda kana kwamba hakuna tatizo lolote: idadi ya kaya, idadi ya ng'ombe, wapi pa kuchimba shimo la gesi ya samadi. Mjumbe wa kwanza alitoka akijifanya anapokea simu. Mwenyekiti alijitahidi, mwalimu wa watu, kisha naye akatoka akikohoa, machozi yakimtiririka hadi kwenye kola ya shati. Alipopata pumzi alisema, "Mwanangu, nimekuelewa. Ungeweza kuniambia tu." Naye akamjibu kwa heshima yote, "Samahani mwalimu. Niliambiwa na mama yangu miaka mingi, sikuelewa." Gesi ya samadi ikapita siku hiyo bila mjumbe hata mmoja kupinga.

Umeme ulikuwa na ugumu zaidi. Nguzo za gridi ya taifa zilikuwa zimeahidiwa, na kweli nyingine zilikuwa zimeletwa, zimelazwa kando ya barabara na nyasi zimeanza kuzifunika. Wazo la kamati lilikuwa kutumia maji: mfongo wa zamani, yaani mfereji wa wazee unaoleta maji kutoka mlimani, ulikuwa ukipita juu ya kambi, na mtu mmoja alikuwa ameona mahali fulani mtambo mdogo unaozungushwa na maji kama hayo. Lilikuwa wazo zuri. Injinia aliniomba nifuatane naye kwenda kulitazama. Tulipanda asubuhi moja ya kiangazi, tukafuata mfongo huo kutoka juu kabisa, kwenye baridi na migomba, tukiteremka nao. Kule juu maji yalikuwa yanakwenda vizuri. Kila tulipofika kwenye lango la mgawo tulikuta akina mama wamekaa na ndoo na majembe, wakingoja zamu zao za kumwagilia, na kila baada ya lango maji yalizidi kuwa membamba. Tulipofika usawa wa kambi, mfongo ulikuwa na majani makavu na ufa. Alisimama akautazama. "Maji haya yana wenyewe," alisema. "Nikiyachukua ili kuwasha taa huku, kule juu kuna mtu anakosa mboga." Sisi tulioukuta mlima huu ukiwa mweupe hadi mabegani tumezoea kuulalamikia kwenye vikao vya kahawa. Yeye hakulalamika. Alirudi akaanza kupanga umeme wa jua.

Mpango wake ulikuwa rahisi kueleweka, nami nitaueleza kama alivyonieleza. Kila nyumba ingekuwa na paneli yake ndogo na betri yake, ya kutosha taa na simu. Zahanati ingekuwa na paneli nyingi na betri kubwa peke yake, kwa ajili ya jokofu la chanjo, taa za chumba cha kujifungulia na mashine ya oksijeni. Ukumbi ungesubiri gridi. Hapo kwenye ukumbi ndipo yeye na mwenyekiti waligongana, nami naandika mabishano yao kwa kirefu kwa sababu mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, na asiyeelewa hilo hataelewa chochote katika habari hii.

"Injinia," alisema mwalimu, "watoto wa kambi hii nimewafundisha kwa koroboi mpaka pua zao zikawa nyeusi ndani. Nimewazika wazazi wao. Nataka kabla sijafa nione ukumbi huu umewaka, na wao wamevaa vizuri, muziki unapiga, wanaonana sura. Hilo ni kosa?"

"Si kosa, mwalimu. Ningekuwa na betri nyingine ningekupa leo hii."

"Lakini umesema mwenyewe, zahanati haitumii hata nusu ya hizo ilizo nazo."

"Nusu inayobaki ni ya siku za mawingu."

"Basi siku za mawingu tutazima ukumbi."

"Nani atazima?"

"Mimi."

Injinia alimtazama yule mzee, na naamini kwamba alimpenda. "Siku hiyo, mwalimu, utakuwa na wageni."

Wakacheka wote wawili, na kikao kikafungwa kwa kukubaliana kwamba betri za zahanati haziguswi. Alilirudia hilo siku ya kukabidhi mradi, mbele ya watu wote, akiwa amesimama kwenye ngazi ya zahanati: hizi ni za wagonjwa, asivute mtu waya kutoka hapa, hata kwa siku moja. Watu wakapiga makofi. Yeye akahamia kwenye kazi nyingine, Holili, kupanga umeme wa soko la mpakani. Nami nikaandika juu ya kambi ile kwa furaha, kwa kuwa kulikuwa na mambo ya kufurahia. Yule mama wa Kinyaturu alikuwa na jiko la gesi yake mwenyewe, na alinipikia chai juu yake huku akiniangalia kama nimeona kwamba halii.

Waya ulivutwa miezi michache baadaye. Gridi ilikuwa bado haijafika, na ukumbi ulikuwa umekamilika, umepakwa rangi, una feni na spika, na uko gizani. Fundi alipanda akaunganisha ukumbi na betri za zahanati. Kwa muda tu, wakasema. Kiangazi chote hakuna kilichoharibika, na jambo lisiloharibu kitu watu hulizoea. Palifanyika harusi mle. Palifanyika vikao vya kanisa, na watoto wakaletewa filamu siku za Jumamosi. Muuguzi alilalamika mwanzoni, kisha akaonekana mtu asiyependa wenzake wafurahi, akanyamaza.

Yaliyotokea masika nimesimuliwa na muuguzi huyo, kwa utaratibu, kama mtu anayetoa ripoti, na mara moja tu alisimama akaenda dirishani. Mvua ilikuwa imeanza katikati ya wiki na mlima haukuonekana tena. Jumapili ilikuwa kipaimara cha watoto wa kambi. Baada ya ibada watu wote waliingia ukumbini, wazazi na wadhamini na ndugu waliotoka mbali, na muziki ukaanza mchana. Taa ya tahadhari kwenye betri ilikuwa imegeuka nyekundu. Wakati huohuo yule mama wa Kinyaturu aliletwa zahanati akiwa na uchungu wa mimba isiyotimia. Muuguzi alikimbia mvuani hadi ukumbini, akamfikia mwenyekiti kwenye meza kuu.

"Mwalimu, naomba tuzime. Nina mzazi."

"Sawa, mwanangu, sawa. Mgeni rasmi amalizie kuzungumza na watoto, kisha nitazima mwenyewe."

Akarudi mbio. Mtoto alizaliwa, wa kiume, mdogo, akapumua kwa shida lakini akapumua. Akamwekea mashine ya oksijeni, na rangi ya yule mtoto ikaanza kuja. Mgeni rasmi alimaliza, watu wakafurahi, wimbo ukawekwa, watoto wa kipaimara wakaingia kati kucheza. Kisha muziki ukumbini na mashine zahanati vikazima kwa pamoja. Ukumbini walidhani anayeweka muziki anabadilisha wimbo. Wengine walipiga makofi kumhimiza. Muuguzi alisikia makofi hayo akiwa anampulizia mtoto hewa kwa mpira wa mkono, na anasema hadi leo akisikia watu wakipiga makofi kanisani hutoka nje. Gari la wagonjwa liliitwa, likakwama kwenye tope la barabara ya mkonge. Wakambeba mtoto hadi kwenye gari, huku muuguzi akiendelea kupulizia. Gari lilisukumwa likatoka, na walipofika Shirimatunda muuguzi aliacha, kwa kuwa hapakuwa tena na wa kumpulizia.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niogope nchi yangu kuliko kifo chenyewe. Wakaja watu kutoka mjini kutazama mitambo. Wakasimama mvuani na miavuli, wakatazama paneli, wakasema umeme wa jua haufai katika nchi ya mawingu. Maneno yakaenea. Kwenye baa, kwenye vigenge, kwenye uwanja wa kanisa ikawa inajulikana kwamba injinia wa Machame alikosea hesabu na mtoto akafa. Waliokuwapo siku ile alipokataza kwenye ngazi ya zahanati walikuwa wengi. Walikuwapo pia wanaojua ni nani aliyemwagiza fundi. Hakuna aliyesema. Naelewa sababu zao, na kila mmoja alikuwa nayo: mwalimu amewafundisha, mwalimu amewazikia, mwalimu ni mzee, na kumsema mwalimu hakumrudishi mtoto.

Ukaitishwa mkutano ndani ya ukumbi uleule, mchana, milango wazi ili kupate mwanga. Injinia alikuja kutoka Holili kwa basi. Alikuwa amekonda, nami nikadhani ni huzuni. Yule mama alikuwa benchi la mbele, kitenge kimefungwa kifuani kwa sababu maziwa yalikuwa bado yanatoka. Mgeni mmoja wa mjini alizungumza kwa utaratibu juu ya changamoto za teknolojia. Injinia hakumjibu. Aliinuka, akatoka nje, akaegemeza ngazi ya mafundi kwenye ukuta, akazima swichi, akapanda na koleo na kuukata waya uliotoka zahanati hadi ukumbini. Watu walikuwa wametoka kumtazama.

"Injinia," mwenyekiti alimwambia, sauti ikiwa chini, "unaharibu mali ya mradi."

"Huu si wa mradi, mwalimu. Mimi sikuuweka."

Akashuka, akaingia ndani na kipande cha waya, akakiweka mezani mbele ya mgeni wa mjini. "Nani aliuvuta?" akauliza. Aliwatazama mmoja mmoja, nao wakatazama viatu vyao. Mwenyekiti alitazama mikono yake. Injinia alisubiri mpaka mtoto mmoja mgongoni mwa mama yake akaanza kulia. "Basi tuseme ulijivuta wenyewe," alisema, akachukua mkoba wake akaondoka.

Alianza kushindwa kumeza muda mfupi baadaye. Maradhi hayo yanajulikana sana huku kwetu, na karibu kila ukoo una mtu aliyekwenda nayo. Nilimtembelea hospitalini alasiri moja, nimebeba chupa ya mtori mwepesi ambao mama yake alikuwa amenionya kwamba hautapita. Sauti yake ilikuwa imebaki kama ya mtu anayezungumza kutoka chumba cha pili. Nilijaribu kumfariji kwa kumwambia kwamba kila mwenye akili anajua hesabu zake zilikuwa sahihi.

"Hazikuwa sahihi," alisema. "Nilifanya hesabu ya jua la Februari na mawingu ya Aprili. Ya kipaimara sikuifanya."

"Usijilaumu."

"Sijilaumu. Nakueleza kosa la kazi, ili uandike vizuri. Ningeweza kuziweka hizo betri mahali ambapo waya haufiki. Ningeweza kuutengea ukumbi kitu kidogo, hata taa chache na redio, wasione wivu. Mimi niliwaachia neno. Neno linataka mtu wa kulilinda kila siku, na mtu mwenyewe ana wageni."

Nilimuuliza kama ana hasira na mwalimu. Alifumba macho. "Alitaka waonane sura," akasema. Hatukuzungumza tena siku hiyo, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Siku hizi hakuna mradi unaozinduliwa pasipo neno endelevu. Limeandikwa kwenye mabango, limeshonwa kwenye fulana, mawaziri hulitamka na kwaya huliimba. Tumelizoea kiasi kwamba tunadhani maana yake ni paneli juu ya paa. Nimekuwa nikijiuliza tangu Jumatano ile, hivi kambini kuna kitu gani ambacho hakikuendelea? Jua liliendelea, kila mawingu yalipopisha. Samadi inaendelea kutoa gesi, na akina mama wanapika. Betri zilifanya kazi yake mpaka tone la mwisho. Kilichokatika ni sisi. Tunajua kudai umeme, tunajua kuupokea kwa ngoma, lakini hatujajifunza kumwambia mtu tunayempenda kwamba hapana, huu si wa kwako, zima. Huku mlimani babu zetu walikuwa na zamu za mfongo, na aliyefungua maji siku isiyo yake alisemwa hadharani, hata akiwa tajiri, hata akiwa amewalisha wengi. Zamu hizo nazo zinakufa, pamoja na maji yenyewe. Vijana wanauza vihamba, wageni wanajenga kuta ndefu, na majirani tumekuwa watu wa kuambizana mambo matamu tu. Mtaalamu akija anakuta jamii yenye adabu, iliyokaa mistari, inayopiga makofi. Anaondoka akiamini kwamba amekubaliwa.

Tulimzika Jumamosi, Machame, kihambani kwao, karibu na kaburi la baba yake. Mvua nyepesi ilikuwa ikinyesha na mchungaji alisoma kwa haraka. Akina mama wa kambini walikuja kwa lori, wakasimama pamoja nyuma ya migomba kama watu wasiojua kama wanaruhusiwa kukaribia. Baada ya mazishi, watu wakinawa mikono, nilimwona mwenyekiti akimfuata mama wa marehemu. Mkononi alikuwa na jani la isale. Kwa asiye wa huku niseme tu kwamba jani hilo huletwa na mwenye kosa kwa aliyekosewa, na ukishaletewa huwezi kulikataa, hata kama moyo wako umekataa. Hayahitajiki maneno mengi. Jani lenyewe limesema.

Bibi yule alilipokea kwa mikono miwili. Akakohoa kile kikohozi chake. "Nimelipokea, mwalimu, maana halikataliwi," alimwambia. "Lakini mwanangu hakuwa na ugomvi na wewe. Wewe una mtu mwingine wa kumwendea."

Jumatatu nilikwenda kambini, kwa kuwa sikutaka kuandika safu hii bila kuitazama tena. Mwalimu alikuwa amekaa nje ya nyumba yake, amevaa koti la mazishi, na jani jingine la isale limelala juu ya goti lake. Aliponiona aliniomba nimsindikize. Sikuuliza wapi. Yule mama alikuwa kibarazani akichambua maharage. Alimwamkia mwalimu wake wa zamani, akatupa viti. Mwalimu akamnyooshea lile jani kwa mikono miwili. Yule mama akalitazama, akamtazama mzee.

"Hili jani la nini, mwalimu?"

Watu wa Singida hawana isale. Nilimwona mzee akilielewa hilo, na ilikuwa kama kumwona mtu akivuliwa nguo barabarani. "Kwetu," alisema, "ni la kuomba msamaha."

"Msamaha wa nini?"

Alinigeukia mimi. Sikumsaidia. "Waya nilimwagiza fundi mimi," akasema. "Injinia alikuwa amekataza. Nilijua. Na muuguzi alipokuja kuniambia nizime, nilimwambia asubiri."

Yule mama hakulia. Alilichukua jani akaliweka chini, kando ya ungo, akaendelea kuchambua kwa muda kidogo kana kwamba maharage yalikuwa yanamdai jibu. Alijua, bila shaka. Kambi nzima ilijua. Ila alikuwa hajawahi kuambiwa na mwenyewe. "Nimesikia, mwalimu," alisema hatimaye. "Hayo uliyoniambia hapa, kaseme ukumbini. Mbele yao. Wamrudishie injinia heshima yake. Ukishasema, ndipo uje uniombe."

Mpaka naandika haya, hajasema. Nimempigia muuguzi asubuhi hii, ameniambia mwalimu hatoki ndani, na watu wanamhurumia, wanampelekea uji. Nguzo za gridi bado zimelala majanini. Miradi mingine kama ile inakuja Moshi, nasikia, na wahandisi wengine vijana watapanda ngazi za zahanati nyingine na kutukataza jambo, nasi tutapiga makofi. Dada huyu amenifundisha kuwauliza wenyeji jambo moja kabla ya kuuliza umeme utatoka kwenye jua ama kwenye maji. Nitawauliza ni nani kati yao atakayezima siku ya sherehe. Na kama hatakuwapo, nitawaomba wasijenge kwanza.